Thaddeus Stevens na ekari arobaini ambazo hazikutolewa

Juma hili nitazungumza juu ya mtu ambaye jina lake halitajwi sana katika vitabu vyetu vya historia. Ukimwuliza mwanafunzi wa sekondari ni nani aliyewafungua watu weusi wa Marekani minyororo ya utumwa, atakujibu bila kusita kuwa ni Abraham Lincoln, na hatakuwa amekosea sana. Lakini Lincoln aliuawa Aprili 1865, vita vikiwa ndiyo kwanza vinamalizika, na watumwa wapatao milioni nne walikuwa wanatoka mashambani bila nyumba, bila jembe na bila kipande cha ardhi cha kusimamishia hata kibanda. Swali la nini kifanyike baada ya pingu kufunguliwa liliachwa mikononi mwa watu wengine. Mmoja wao alikuwa wakili mzee wa miaka 73, mwenye mguu uliopinda tangu kuzaliwa, ulimi mkali kama wembe, na wigi lisilomkaa vizuri kichwani. Aliitwa Thaddeus Stevens.

Jumatatu ya Desemba 4, 1865, Baraza la Wawakilishi la Marekani lilikutana mjini Washington kwa mara ya kwanza tangu vita vimalizike. Rais Andrew Johnson, aliyerithi kiti cha Lincoln, alikwisha kuwasamehe maelfu ya waasi wa Kusini, nao walikwisha fanya uchaguzi na kuwatuma wabunge wao, miongoni mwao watu waliokuwa na vyeo katika serikali na jeshi la uasi. Walikuja wakidhani wataketi kama kwamba hapakuwa na lililotokea. Karani wa Baraza, Edward McPherson, akaanza kuita majina. Aliyaita ya majimbo ya Kaskazini, akayaruka ya Kusini. Mjumbe wa Tennessee, Horace Maynard, ambaye yeye mwenyewe hakuwa mwasi, akasimama ili aseme. Karani akakataa kumtambua. Asiyeitwa jina hakuwa na haki ya kusema, na asiye na haki ya kusema hawezi kulalamika kwamba hakuitwa jina. Mtego huo ulipangwa na Stevens. McPherson alikuwa mwenyeji wa Gettysburg na kijana wake katika siasa.

Mtu wa namna hii hutoka wapi? Stevens alizaliwa Aprili 4, 1792 katika kijiji cha Danville, jimbo la Vermont, kaskazini kabisa mwa nchi ile ambako baridi ni kali na mashamba ni ya mawe. Baba yake alikuwa mshona viatu ambaye baadaye aliiacha familia, akatoweka. Mama yake, Sarah, alibaki na watoto wanne wa kiume, na huyu wa pili akiwa na mguu wa kilema. Mama yule alihamia Peacham, mahali palipokuwa na shule nzuri, akafanya kazi za sulubu ili watoto wasome. Stevens mwenyewe hakulisahau jambo hilo maisha yake yote. Jina lake alipewa kwa heshima ya Jenerali Tadeusz Kościuszko wa Poland, aliyewasaidia Wamarekani katika vita vyao vya uhuru na ambaye aliacha wosia kwamba mali yake iliyoko Marekani itumike kuwakomboa watumwa. Wosia huo haukutekelezwa kamwe, lakini hiyo ni hadithi ya siku nyingine.

Alihitimu katika chuo cha Dartmouth mwaka 1814, akafundisha shule kidogo huku akijisomea sheria, na mwaka 1816 akafungua ofisi ya uwakili Gettysburg, jimbo la Pennsylvania, mwendo mfupi kutoka mpaka wa Maryland. Mpaka huo ndio ulikuwa jambo lenyewe. Upande wa kaskazini utumwa ulikuwa unazimwa polepole na sheria ya mwaka 1780. Upande wa kusini ulikuwa halali kabisa.

Sasa hapa, wasikilizaji, ipo habari ambayo wanaomsifu Stevens hupenda kuipita haraka, nami sitaipita. Mwaka 1821 mwanamke mtumwa aitwaye Charity Butler alidai uhuru wake mbele ya mahakama ya Pennsylvania. Sheria ya jimbo ilisema mtumwa akiletwa na bwana wake akakaa humo miezi sita, basi amekuwa huru. Charity alikwisha kupelekwa Pennsylvania mara nyingi pamoja na bibi aliyekuwa akimtumikia, na ukizijumlisha siku zote za safari zile zilizidi miezi sita. Wakili wa mwenye mtumwa akasimama akasema kwamba sheria inadai miezi sita mfululizo, si ya kuungaunga. Majaji wakamkubalia. Charity na watoto wake wakarudishwa utumwani. Wakili huyo aliyeshinda alikuwa Thaddeus Stevens.

Alikuwa na umri wa miaka 29, anatafuta jina na fedha, akachukua kesi kama mawakili wanavyochukua kesi. Hakuna barua aliyoiacha kueleza moyo wake ulimwambia nini baada ya hapo. Tunachokijua ni matendo. Mwaka 1823, katika sherehe za Julai 4, aliinua glasi yake mbele ya watu wa Gettysburg akaomba Rais ajaye awe mtu ambaye hajapata kumfunga binadamu mwenzake pingu za utumwa. Kauli hiyo haikuwa rahisi katika mji uliofanya biashara na Maryland kila siku. Tangu wakati huo kila mtoro aliyekamatwa karibu naye alijua kuna wakili wa kumwendea, na wengi wao hawakulipa senti. Mimi siamini kwamba kesi ya Charity ilifutika kwa sababu hiyo. Yeye na wanawe hawakurudi Pennsylvania kufaidi toba ya wakili. Lakini ni kweli pia kwamba mtu aliyepata kuitumia sheria kumfunga mtu ndiye anayejua vizuri kuliko wengine mahali ilipo mianya yake.

Mwaka 1833 alichaguliwa katika bunge la jimbo la Pennsylvania. Mwaka uliofuata jimbo lilipitisha sheria ya kuanzisha shule za bure zinazolipiwa na kodi. Kabla ya hapo, mzazi maskini aliyetaka mtoto wake alipiwe ada ilimbidi ajiandikishe hadharani kuwa fukara, na wengi waliona heri mtoto abaki nyumbani kuliko jina lao kubandikwa aibu hiyo. Sheria mpya iliwaudhi matajiri waliotozwa kodi kusomesha watoto wa wengine, na uchaguzi uliofuata ukaleta wabunge walioahidi kuifuta. Seneti ya jimbo ikapiga kura kuifuta. Wapiga kura wa Stevens mwenyewe walimwagiza aunge mkono. Aprili 11, 1835 alisimama akawaambia wenzake kwamba muswada wao ulistahili kuitwa sheria ya kuwapiga chapa maskini kama ng'ombe, ili watambulike na kudharauliwa. Alisema pia kwamba yeye asingeomba kura ya mtu kwa kumwahidi ujinga. Alipokaa, hesabu ilikuwa imegeuka. Shule za bure zikabaki. Katika mambo yote aliyoyafanya maishani, hilo ndilo alilojivunia zaidi.

Miaka miwili baadaye jimbo lilikaa kuandika katiba mpya. Wajumbe walitia neno moja dogo katika ibara ya uchaguzi, neno «weupe», na kwa neno hilo watu weusi huru wa Pennsylvania wakapoteza kura waliyokuwa nayo. Stevens alikuwa mjumbe. Katiba ilipokamilika mwaka 1838 na wenzake wakajipanga kuitia saini, yeye alikataa kuweka jina lake. Kura hiyo ilikuja kurudi mwaka 1870, baada ya yeye kufa.

Mwaka 1842 alihamia Lancaster, mji mkubwa zaidi, kwa kuwa kiwanda chake cha chuma kilikuwa kimemtia katika madeni makubwa na alihitaji wateja wa kulipia. Huko ndiko alikomwajiri Bi. Lydia Hamilton Smith, mwanamke chotara mwenye watoto wawili wa kiume, awe msimamizi wa nyumba yake. Alikaa naye zaidi ya miaka 20, Lancaster na Washington. Stevens hakuoa. Magazeti ya mahasimu wake yaliandika kila uchafu juu ya nyumba ile, na hata leo hapana ushahidi wa kukata shauri. Lililo wazi ni kwamba alimwita «Bibi Smith» mbele ya wageni, akawataka nao wamwite hivyo, wakati ambapo mwanamke mweusi katika nyumba ya Mzungu aliitwa kwa jina lake tu kama mtoto. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wachimbuaji wa mambo ya kale walikuta nyuma ya nyumba ile birika la maji lililogeuzwa, lina dirisha dogo la kupenyea, na wao hudhani lilikuwa maficho ya watoro.

Alichaguliwa Bunge la taifa mwaka 1848. Mwaka 1850 ilipitishwa sheria ya kuwakamata watumwa watoro iliyomlazimisha raia yeyote wa Kaskazini kusaidia akiamriwa. Matokeo yake yaliiva karibu kabisa na Lancaster. Septemba 11, 1851 mwenye watumwa kutoka Maryland, Edward Gorsuch, alifika kijiji cha Christiana na askari wa serikali kuwatafuta watu wake. Walikuwa wamejificha katika nyumba ya mtu mweusi aliyeitwa William Parker. Parker na wenzake hawakukubali kuchukuliwa kama kuku. Wakapigana, na Gorsuch akauawa. Serikali ikawashitaki watu 38, si kwa mauaji bali kwa uhaini. Wa kwanza kufikishwa kizimbani alikuwa Mzungu msaga nafaka, Castner Hanway, ambaye kosa lake kubwa lilikuwa kukataa kusaidia ukamataji. Stevens alikuwa mmoja wa mawakili wa utetezi. Kesi ilisikilizwa Philadelphia, katika jengo lile lile lilikotangazwa uhuru wa Marekani mwaka 1776. Baraza la wazee wa mahakama lilitoka likarudi baada ya robo saa hivi. Hana hatia. Wengine wote mashitaka yao ya uhaini yakafutwa.

Vita vilipoanza mwaka 1861 alikuwa mwenyekiti wa Kamati ya Bunge ya Fedha, na kila senti ya kulisha jeshi ilipita mezani kwake. Wakati huo huo alimchokoza Lincoln bila kuchoka: wafungueni watumwa, wapeni bunduki. Juni 1863 majeshi ya Kusini yalipovamia Pennsylvania, Jenerali Jubal Early aliamuru kiwanda cha Stevens cha Caledonia kichomwe moto, na kikachomwa chote. Januari 31, 1865 Baraza likapitisha, kwa kura 119 dhidi ya 56, Marekebisho ya 13 ya Katiba yaliyopiga marufuku utumwa nchi nzima.

Vita hivyo vilisikika mpaka kwetu. Merikani, kile kitambaa cheupe walichokivaa mababu zetu na kilichobebwa na misafara kwenda bara kama fedha, kililetwa Unguja na wafanyabiashara wa Salem, jimbo la Massachusetts, na pamba yake ililimwa na watumwa wa Kusini. Vita vilipokata pamba, merikani iliadimika Unguja na vitambaa vya Uingereza na India vikachukua nafasi yake. Wengi waliovivaa hawakuwa na habari ya mkono uliochuma pamba ile.

Turudi kwenye ardhi. Januari 1865 Jenerali William Sherman alitoa amri ya kuwagawia watu waliotoka utumwani viwanja visivyozidi ekari 40 kwa kila familia, katika mwambao wa South Carolina, Georgia na Florida. Watu wapatao 40,000 wakahamia huko na kulima. Kabla mwaka haujaisha, Rais Johnson aliamuru mashamba yarudishwe kwa mabwana waliosamehewa, na wakulima wakaondolewa.

Stevens alikuwa na hesabu kubwa zaidi. Septemba 6, 1865, akihutubia watu wa Lancaster, aliwaambia kwamba wachukue mashamba ya vigogo wa uasi peke yao, wale wenye zaidi ya ekari 200 au mali ya zaidi ya dola 10,000. Kwa hesabu yake hao walikuwa kama watu 70,000 tu, lakini walishika ekari milioni 394. Kila mwanamume mzima aliyetoka utumwani apewe ekari 40. Ardhi hiyo ingekula milioni 40 tu. Iliyobaki iuzwe kulipa deni la vita na pensheni za askari. Wazungu maskini wa Kusini, ambao hawakuwa na mashamba makubwa, hawakuguswa na mpango huo hata kidogo. Hoja yake haikuwa ya huruma. Alisema kwamba huwezi kuwa na jamhuri, na shule, na makanisa huru, mahali ambapo watu wachache wana ardhi yote na walio wengi hawana pa kulaza ubavu. Mtu anayelala katika kibanda cha bwana wake atapiga kura anavyotaka bwana wake.

Wenzake wa chama chake walimtazama kama mwenda wazimu. Walikuwa tayari kumpa mtu mweusi uhuru, na baadaye hata kura, lakini mali ilikuwa kitu kitakatifu. Baadhi yao walikuwa na viwanda, wakajiuliza: tukianza kugawa mashamba ya Kusini, wafanyakazi wetu watataka nini kesho? Februari 1866 alipoingiza pendekezo la ardhi katika muswada mmoja, lilianguka kwa kura 126 dhidi ya 37. Akarudi tena Machi 1867, akiwa mgonjwa hata sauti haimtoki vizuri. Likafa bila hata kupigiwa kura. Kilichofuata Kusini kwa karibu miaka mia ni kulima nusu kwa nusu shamba la bwana, na madeni ya dukani yasiyolipika. Sidhani ilikuwa lazima iwe hivyo.

Alichofanikiwa ni Marekebisho ya 14, yanayosema kwamba kila aliyezaliwa Marekani na kuwa chini ya sheria zake ni raia, na kwamba hakuna jimbo linaloweza kumnyima mtu ulinzi sawa wa sheria. Stevens aliona maneno yamelegezwa, hasa kuhusu kura, na siku ya kupitishwa, Juni 13, 1866, alikiri mbele ya Baraza kwamba alitarajia jengo zuri zaidi ya hilo. Mbona basi analipokea? Kwa sababu, alisema, anaishi kati ya watu, si kati ya malaika. Ibara hiyo ndiyo iliyotumika mwaka 1954 kupiga marufuku shule za ubaguzi, na ndiyo inayowapa uraia watoto wa Wakenya na Watanzania wanaozaliwa huko. Mwaka 2025 Rais Donald Trump alitoa amri ya kuibana haki hiyo, na watu wakakimbilia mahakamani wakiwa na maneno yale yale ya mwaka 1866 mkononi.

Tusimfanye malaika naye. Alisema waziwazi kwamba kura za watu weusi zingekiweka chama chake madarakani, na hakuona haya kulisema. Alicheza kamari. Na katika shauri la kumwondoa Rais Johnson mwaka 1868, mimi naona chuki ilimtangulia. Johnson alikwisha kuzuia kila sheria njema iliyoletwa mezani kwake, lakini shitaka lenyewe lilikuwa juu ya kumfukuza waziri wa vita bila idhini ya Seneti, kinyume cha sheria iliyotungwa mwaka mmoja tu kabla yake. Wakili aliyeshinda kesi ya Charity Butler kwa neno «mfululizo» alipaswa kujua kwamba kamba hiyo ilikuwa nyembamba. Alibebwa kitini kuingia bungeni, hawezi tena kutembea. Husimuliwa kwamba aliwauliza vijana waliombeba ni nani atakayembeba wao wakifa. Mei 16, 1868 Seneti ilipiga kura 35 za hatia na 19 za kumwachia. Ilipungua kura moja kufikia theluthi mbili.

Alikufa Washington Agosti 11, 1868, karibu na usiku wa manane, Bibi Smith akiwa kando ya kitanda. Mwili wake uliwekwa chini ya kuba la jengo la Bunge, na ulinzi ukashikwa na askari weusi. Huko Lancaster uchaguzi wa kuteua wagombea ulikuwa umekaribia, na wana chama wakampigia kura marehemu, akateuliwa bila mpinzani.

Alikwisha kuchagua kaburi. Makaburi makubwa ya Lancaster hayakupokea watu weusi, akayakataa, akanunua mahali katika kiwanja kidogo cha Shreiner kilichopokea kila mtu, na aliacha maneno ya kuandikwa juu ya jiwe yakieleza kwamba hakulala pale kwa kupenda upweke, bali ili aoneshe katika mauti kanuni aliyoitetea maishani, ya usawa wa binadamu mbele ya Muumba wao. Katika wosia wake alitenga fedha za makao ya yatima bila kubagua rangi. Kutokana nazo kilizaliwa mwaka 1905 chuo cha ufundi ambacho kipo Lancaster hadi leo kwa jina lake.

Baada ya kifo, jina lake liliangukia mikononi mwa watu wa sinema. Katika filamu ya mwaka 1915 iliyowasifu Ku Klux Klan alifanywa shetani mwenye wigi, na mwaka 1942 tena. Mwaka 1935 W. E. B. Du Bois, mwanazuoni aliyekuja kufia Accra mwaka 1963, alijaribu kuisahihisha historia hiyo katika kitabu kinene, na kwa miaka mingi wasomi wa vyuo vikuu vya Kizungu hawakumsikiliza.

Bibi Smith aliachiwa achague: dola 500 kila mwaka, au 5,000 kwa mkupuo. Kwa urithi wake alinunua ile nyumba ya Lancaster na kiwanja kilichopakana nayo. Alikuwa mfanyabiashara hodari, akaendesha nyumba ya wageni Washington, na alipofariki mwaka 1884 wosia wake ulikutwa una fedha alizozitenga kwa ajili ya kulitunza kaburi la Stevens.